Huguette Aondoke Kabla Buko Hawajafika

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi ya heri! Leo naanza biashara ya maisha yangu. Huguette anauzwa.

Niandike vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Huguette ni boti. Si mtumbwi wala si kivuko. Boti ya bahari kabisa, nyeupe, vyumba viwili vya kulala, jiko, choo, usukani wa mbao unaong'aa. Mzungu mmoja wa mgodi aliileta atembelee nayo ziwa la Nzilo siku za mapumziko. Mkataba ulipokwisha, akaniachia kwa bei ya kuchekesha. Jina la mke wake bado limeandikwa puani. Tangu Pasaka imekaa ndani ya lupango yetu, ua wa nyumba hapa Manika, mjini Kolwezi, kutoka ukuta mpaka mlango. Jikoni tunaingia kwa ubavu.

Laurentine, mke wangu, anamwita mupali wake. Anasema wake wenza wengine huingia kwa siri, lakini huyu aliingia mchana juu ya lori, mtaa mzima ukipiga makofi.

Leo ametoa hukumu. Jumapili buko wanakuja, ukoo wa Sadrack, kijana anayemuoa binti yetu Chancelle. Wanaleta mahari. Watakaa wapi? Huguette akiwa bado hapa Jumapili, basi buko watapokelewa ng'ambo ya ukuta, kwa Barnabé. Barnabé! Jirani huyo amekubali hata kabla hajaulizwa mara ya pili. Na mwenye lupango ndiye anakaa kwenye kiti cha baba. Mi nitakaa kwenye benchi na wapiga ngoma, nikimtazama Barnabé anamtoa mtoto wangu.

Haiwezekani. Nife kwanza.

Nimeandika tangazo kwenye kartoni na kwenye WhatsApp: "INAUZWA. Boti ya safari za pwani. Imetumika kidogo, imetunzwa kuliko bibi harusi. Uliza Kapiteni Stany." Nyumbani na kanisani mi ni tata Mukalay. Lakini nani atanunua boti kwa tata Mukalay? Kapiteni ni mtu mwingine.

Barnabé amesoma kartoni. Ameniuliza pwani iko upande gani wa Kolwezi. Nimemwonyesha kwa kidole, bila kusita. Amecheka mpaka ameshika ukuta.

Jumanne, 5 Agosti

Simu zinapigwa! Mmoja ameuliza kama naweza kuikata nusu. Mwingine anataka choo peke yake.

Mchana mama Florentine amefika. Yeye ndiye mshenga kati yetu na buko. Ameuliza kama kuna neno limebaki kwenye mahari. Laurentine amesema hakuna: mbuzi, vitenge, chumvi, koti la baba, inatosha, tusiwakamue watoto wa wenyewe. Neno zuri. Halafu akaenda kuangalia mboga ya sombe motoni.

Na hapo shetani, au tuseme akili, akanigusa bega. Mwaka jana mkwe wa Barnabé alileta friza yenye utepe mwekundu. Mtaa wote ukaenda kunywa maji baridi. Mpaka leo Barnabé akiniona na joto ananiuliza kama nina kiu. Sasa nikamnong'oneza mama Florentine: buko waongeze kitu kimoja tu. Kikubwa. Ambacho hakijawahi kuonekana katika mtaa huu. Friza ya watu ionekane ndoo.

Akauliza kitu gani hicho. Nikamwambia watumie macho yao, Kolwezi imejaa vitu. Akasonya, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Laurentine hajui. Atashangaa kwa furaha!

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Niandike haraka.

Pasta mmoja wa kanisa dogo amekuja na bamama wa maombi. Anatafuta safina, ahubiri habari za Nuhu akiwa ndani. Mteja kutoka mbinguni! Ameuliza tu kama injini ni nzima, maana gharika haipigi hodi.

Sasa injini ya boti ni kama mlevi: haifanyi kazi bila kunywa. Inavuta maji ili isichemke. Ziwani ni rahisi. Hapa kiangazi, mavumbi matupu. Lakini kulikuwa na mapipa ya Laurentine, yamejaa, maji aliyochota yeye na Chancelle kwa ajili ya munkoyo, kinywaji cha buko. Nikatia mpira ndani ya pipa. Nikawasha.

Eh, sauti yake! Nilisikia fahari mpaka miguuni. Huguette akanywa pipa la kwanza, akanywa lingine, halafu akatema moshi wa masizi. Mweusi! Ukaruka juu ya ukuta, ukaangukia mihogo ya mke wa Barnabé iliyoanikwa juani, myeupe safi, ya wiki nzima. Bamama wakapiga kelele kwamba ni ishara. Pasta akasema Nuhu hakuwa na moshi. Wameondoka wakiimba.

Laurentine ametazama mapipa matupu. Afadhali angenitukana. Amechukua ndoo, ameenda bombani. Chancelle alibaki amesimama mbele yangu, mikono imelowa. Akaniambia: "Tata, mi naolewa mara moja tu."

Nimeingia kwenye boti, nikajifungia chooni, nikalia kidogo. Mlango unafunga vizuri sana. Niongeze hilo kwenye tangazo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mungu si Athumani wala si Barnabé! Mteja!

Jina lake tata Antoine, mfanyabiashara kutoka Fungurume. Kofia pana, tumbo la heshima, maneno machache. Nilikuwa nimewapa Laurentine na Chancelle amri wabaki ndani na wasitaje Jumapili hata kwa bahati mbaya. Muuzaji mwenye haraka hula hasara. Nikavaa shati jeupe, nikajiita Kapiteni.

Akamzunguka Huguette. Akamgonga mbavuni. Akafungua jiko, akakaa kitandani, akavuta maji ya choo, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza habari za reli ya kwenda Lobito, kwamba kutoka hapa mpaka baharini ni kupakia na kushusha tu. Akaniuliza niliwahi kwenda. Nikamwambia kapiteni haulizwi hivyo.

Akacheka. Akasema bahari haimhusu. Ana shughuli ya ukoo, wanatafuta kitu ambacho watu wakikiona hawatakisahau, na wao walikwisha kuangalia pikipiki, jenereta, mpaka ng'ombe wa kizungu. Nikamwambia: tata, umefika. Nikasema ukoo wenye akili namna hii sijauona. Nikasema atakayepokea kitu hiki atalia.

Hakubishana sana juu ya bei. Mi nilibishana zaidi, kwa mazoea. Jumamosi analeta lori na kreni.

Nimecheza peke yangu nyuma ya boti. Laurentine ameniona dirishani. Ametabasamu! Alikuwa hajatabasamu tangu Pasaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Barnabé haamini. Tangu asubuhi anajiandaa kana kwamba Jumapili ni yake. Amepaka ukuta chokaa. Amepanga viti. Saa ya chakula nimemsikia ng'ambo akifanya mazoezi ya hotuba kwa sauti ya kanisani: "Sisi wazazi wa Chancelle..."

Wazazi! Nikarudisha tonge la bukari sahanini.

Nikapanda juu ya Huguette, nikamwambia Barnabé kesho boti inaondoka. Akasema wamesema hivyo juu ya barabara pia. Nikamwambia aitayarishe friza, maana Jumapili atahitaji kupoza kichwa. Akanionyesha koti lake jipya, la kijivu. Zuri, kwa kweli. Limeniuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameondoka! Ameondoka! Ameondoka!

Lori lilifika na kreni yake. Mtaa mzima nje, batoto juu ya kuta, wachimbaji wakaacha magunia yao njiani watazame. Huguette akapanda hewani, mweupe, taratibu, mavumbi yanamwangukia. Nikavua kofia. Nilimpenda, nikiri. Tata Antoine akanipa bahasha, tukashikana mikono, akaniambia Kapiteni, umenisaidia kuliko unavyojua. Mtu muungwana.

Kumbe lupango yetu ni kubwa! Kumbe tuna mti wa mapera! Laurentine amezunguka katikati akipima kwa hatua, halafu akaanza kuimba. Chancelle amenikumbatia kwa nguvu, akasema alijua tata yake hatamwangusha. Bahasha nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Hema limesimamishwa. Ng'ambo ya ukuta nimesikia Barnabé anakunja viti, kimoja, kimoja. Muziki mtamu kuliko kwaya!

Jumapili, 10 Agosti

Naandika, sijui nicheke au nilie.

Tulikuwa tayari. Mi kwenye kiti cha baba, katikati ya hema, miguu imenyooka. Barnabé kwenye benchi, na koti lake la kijivu. Tukasikia nyimbo za buko kwenye kona. Halafu honi. Honi ya lori.

Barnabé akasimama kuchungulia. Akaanza kucheka bila sauti, akakaa chini mavumbini na koti lake.

Mlangoni ikaingia pua nyeupe. Utepe. Mabaluni. Jina la zamani limepakwa rangi, juu yake wameandika CHANCELLE, na Huguette bado anaonekana chini, kidogo. Hema likalala. Wageni wakakimbilia kuta. Akashuka tata Antoine, aliyejificha chumbani mwa boti njia nzima ili atokee kwa kishindo, kofia mkononi, akatangaza kwamba yeye ni mjomba wa Sadrack, ndiye msemaji wa ukoo. Akasema baba wa binti aliomba kitu kikubwa ambacho mtaa haujawahi kuona, na buko wakitumwa hufika, tena kwa siri, hata Sadrack hakuambiwa. Nimetazama nikitafuta mahali pa kuingia. Hapakuwa na mahali.

Akaniona. "Kapiteni?"

Laurentine akamtazama mama Florentine. Mama Florentine akatazama juu. Laurentine akanitazama mi. Mungu yangu, macho yale!

Halafu mama Florentine akasimama na kutoa sheria. Ya kwanza: mahari iliyofika mbele ya watu haikataliwi. Ya pili: buko hawauziani kitu, kwa hiyo zile pesa ni chafu mfukoni mwangu. Tata Antoine akasema kilichotoka mkononi mwake kwa ajili ya ndoa hakirudi. Basi Laurentine akaja mbele ya watu wote, akaingiza mkono ndani ya koti langu, akatoa bahasha, akamkabidhi Chancelle. Waanzie nyumba yao. Bamama vigelegele! Nami nikapiga makofi, ningefanya nini?

Ya tatu: kitu cha mahari hakiuzwi maadamu ndoa inaishi. Anayekiuza anaiuza ndoa.

Tukakosa pa kukaa, tukapanda botini. Buko kwenye sitaha, bukari ikipandishwa kwa kamba, mbuzi amefungwa kwenye usukani. Kiti cha baba kiliwekwa jikoni mwa Huguette, karibu na sinki. Lakini nilikikalia! Chancelle na Sadrack walisimama puani juu ya watu wote, na mtoto wangu akacheka mpaka machozi, akanipungia mkono. Nikasahau bahasha kwa muda mrefu.

Barnabé ameomba apande na yeye. Nikamruhusu, bila viatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Jikoni tunaingia kwa ubavu.

Laurentine amenipa chai, na neno moja tu: "Usithubutu." Nimeapa. Kiapo cha kweli, mkono juu. Boti haitauzwa kamwe. Furaha ya Chancelle si bidhaa. Mtu hujifunza.

Nimeketi kwenye usukani nikatafakari sheria za mama Florentine, moja baada ya nyingine, kwa unyenyekevu. Kuuza ni mwiko. Sawa kabisa. Lakini kubadilishana? Nimezipitia zote tena. Hakuna aliyetaja kubadilishana.

Sasa, kuna bwana mmoja kule Kisenge. Nimemwandikia, amejibu saa ile ile. Ana ndege. Ndege ya kweli, ya abiria! Yuko tayari kumchukua Huguette, kitu kwa kitu, bila senti hata moja, kwa hiyo hakuna dhambi. Alhamisi anaileta. Nimepima lupango kwa hatua: ndege inazidi kidogo upande wa Barnabé, lakini ukuta ule ni wa zamani.

Imetunzwa vizuri sana, anasema. Mabawa yatafuata.