Shamba Langu la Wekundu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkuu wa maabara ametangaza kwenye kikao cha asubuhi: atakayeleta kijidudu ambacho hakimo kwenye orodha ya walimwengu atapewa nafasi ya kukipa jina. Wenzangu wakaendelea kunywa chai. Mimi mate yakanijaa mdomoni.

Kazi yangu pale ni kuosha vioo na kupika chakula cha vijidudu. Mpishi wa wasioonekana, ndivyo wanavyonitania. Lakini mpishi naye ana ukoo. Baba alituzaa wawili tu, mimi na dada. Dada kaolewa, watoto wake wana jina la shemeji. Mimi sina mke wala dalili. Nikifa, jina la baba limekwisha. Sasa fikiria jina hilo likishonewa mkia wa Kilatini, likae vitabuni milele!

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Darubini. Namwita hivyo kwa sababu ameikalia darubini nzuri pekee tuliyo nayo kama kiti cha urithi. Ana macho makali na subira, vitu viwili nisivyokuwa navyo.

Nimerudi nyumbani nikamkuta shangazi analalamika kwamba shimo la choo limejaa na linanuka. Nimemwambia nitamwita mwenye gari la kunyonya. Nina mambo makubwa zaidi ya kufikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati imenifuata kwa simu! Dada kapiga analia. Shemeji ni mtunza ghala la ngozi mbichi, na ngozi zake zimeota madoa mekundu. Mnunuzi anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Tajiri wake kasema mzigo ukikataliwa, atafute kazi kwingine.

Nimekwenda jioni. Harufu ya ghala lile ingemtoa nyoka pangoni. Ngozi zimepangwa tabaka kwa tabaka na chumvi katikati, nyingi kiasi kwamba viatu vinalia kila ukikanyaga. Na juu ya ngozi, wekundu! Unateleza kidoleni. Mzuri ajabu.

Nikajua papo hapo. Bakteria wa kawaida ukiwatia kwenye chumvi ya namna ile wananyauka. Ndiyo maana ngozi hutiwa chumvi. Anayestawi humo ni mtu wa ukoo mwingine: arkea. Ukiwatazama kwa darubini, arkea na bakteria utadhani wamezaliwa tumbo moja, vijiti na vitone vilevile. Zamani wataalamu waliwaweka chumba kimoja. Baadaye walipochungulia ndani, kuta za miili yao na maandishi ya urithi wao, wakakuta si ndugu hata kidogo. Wakawapa nyumba yao wenyewe. Na nyumba hiyo bado ina vyumba vitupu vinavyosubiri majina!

Shemeji akaniuliza afanye nini. Dawa naijua. Huwa anafagia chumvi ya zamani sakafuni na kuitumia tena, na wekundu unasafiri nayo. Atupe yote, alete safi, asuuze ngozi kwa maji ya chumvi, afungue madirisha ghala lipoe. Kazi ya siku mbili.

Lakini akifanya hivyo shamba langu linakufa. Nikamwambia asiguse kitu. Nikasema sayansi inahitaji kutazama kwanza.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema mimi ndiye msomi wa familia, yeye ataamini nitakachosema. Kanikata maini kidogo. Nikala chakula cha dada, yakapona.

Jumanne, 11 Machi

Wameota! Nimewapikia chakula chenye chumvi ya kumuua samaki wa baharini, nikawaweka kwenye kabati la joto, na leo sahani ina vitone vya waridi. Nimeviita wanangu. Kimyakimya.

Bi Darubini kauliza nimeficha nini nyuma ya chupa. Nikamwambia ni jeli ya kiamsha kinywa. Akauliza tangu lini mtu anahifadhi kiamsha kinywa kwenye kabati la vijidudu. Nikajifanya nimeitwa nje. Akaniambia nikiwa nimempa mgongo kwamba nikihitaji jicho la pili nimwambie. Jicho la pili! Ili jina liwe la kwake? Sidanganyiki.

Shemeji kapiga. Madoa yamefika tabaka la tatu. Nikamwambia hiyo ni dalili njema. Akasema haya, nimsalimie shangazi.

Usingizi haukuja upesi. Nilifikiria jina. Mkia wa Kilatini uwe mrefu au mfupi?

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimwita Mkuu na maabara nzima. Nikapaka wanangu kwenye kipande cha kioo, nikatia rangi, nikasuuza chini ya bomba kama ninavyosuuza kila siku ya Mungu. Nikamwomba Bi Darubini ainuke kwenye kiti chake, kwa adabu iliyojaa ushindi. Mkuu akainama, akatazama. Akarekebisha. Akatazama tena. Akauliza anatakiwa kuona nini.

Nikainama mimi. Uji. Uji mwekundu, hakuna kijiti wala kitone.

Bi Darubini akaniuliza polepole nimesuuza kwa maji gani. Nikasema kwa maji ya bomba. Akafumba macho. Viumbe hawa wamezoea chumvi mpaka miili yao inaitegemea ili isimame. Ukiwamwagia maji matamu wanapasuka, wote, papo hapo. Mimi niliyewapikia chumvi kwa mikono yangu nimewaua kwa bomba. Mbele ya watu.

Mkuu akamalizia kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. Akasema hata wangepona, wekundu wa ngozi za chumvi unajulikana tangu enzi za mababu zetu. Umeshapewa jina, na ndani ya jina lenyewe mmebaki neno bakteria, kwa sababu waliolitoa walidhani ni bakteria. Hata wakubwa hukosea chumba, akasema, akanigonga bega.

Watu wakatawanyika. Bi Darubini hakucheka. Nilitamani acheke. Akauliza ngozi zimetoka wapi, nikamwambia habari za ghala la shemeji na mnunuzi wake. Akauliza kama nimemwambia shemeji atupe ile chumvi.

Nikatazama sinki.

"Mnunuzi anakuja lini?"

"Kesho."

Akavua koti la maabara, akachukua mkoba wake. "Haya, vua na wewe. Twende."

Jumamosi, 15 Machi

Mikono imechunika, chumvi imeingia kwenye kila mkwaruzo. Jana tulifagia ghala lote mpaka magharibi. Bi Darubini, dada, shemeji, vibarua na mimi. Tukasuuza ngozi kwa maji ya chumvi, tukakwangua, tukazipanga upya na chumvi safi, madirisha wazi.

Mnunuzi kaja leo na uso wa kukataa. Kapekua kila tabaka. Tabaka za chini zilikwishaharibika, kazitupa kando. Zilizobaki kazichukua. Tajiri kamwambia shemeji abaki kazini, ila kwa jicho la onyo.

Shemeji akanishika mkono mbele ya vibarua wote, akanishukuru. Bi Darubini akanitazama, akaenda kunawa. Hapo ndipo aibu iliponipanda mpaka masikioni.

Nikamwambia, "Shemeji, dawa niliijua tangu siku ile ya kwanza."

Akapangusa chumvi kwenye nyusi.

"Najua," akasema. "Dada yako alikusoma usoni siku ile ile, akanieleza. Alisema nisikusikilize. Mimi nikasema hapana, huyu ni ndugu."

Nililia, naandika wazi. Dada aliniletea chakula, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Nimeapa. Sitamwacha tena mtu wangu kwenye shida kwa ajili ya jina.

Jumatatu, 17 Machi

Habari kutoka ghalani. Shemeji huwa ananiita Profesa, na vibarua sasa wakiona doa jekundu wanasema ngozi imeingiwa na Profesa. Asubuhi moja wametupa Maprofesa wanne. Kwa hiyo kijidudu kimepata jina langu, ila si lile nililotaka.

Nimempelekea Bi Darubini chai, bila hila. Tukazungumza vizuri. Kumbe ni mtu mcheshi. Akanifariji kwamba arkea hawako kwenye chumvi tu. Wamo kwenye chemchemi za moto, kwenye matumbo ya ng'ombe, hata kwenye mashimo ya vyoo, wanakojificha mbali na hewa na kutengeneza gesi inayowaka. Akasema wengi wa hao wa mashimoni hakuna aliyewahi kuwaotesha. Hawana majina.

Nikarudi nyumbani taratibu. Shangazi kafunga pua kwa kitenge. Amechoka kunisubiri, kamwita mwenye gari la kunyonya yeye mwenyewe; anakuja kesho asubuhi.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti, nikatega sikio kwenye mfuniko wa shimo. Linatokota! Taratibu, kama sufuria ya maharage.

Nimempigia mwenye gari. Nimemwambia kwamba shangazi amebadili mawazo, asije mpaka mwisho wa mwezi. Shangazi nimemwambia gari limeharibika. Kasema haya, mimi ndiye ninayejua mambo hayo.