Gari Jepesi la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 mwezi wa kumi

Nimeitangazia familia. Sasa hakuna kurudi nyuma.

Tulikaa kupanga siku ya kuondoa kilio cha mke wangu Geneviève. Mwaka unatimia Jumamosi ya tarehe 26. Bila mama yake kilio hakiondoki. Yeye ndiye wa kunivua kitambaa cheusi cha mkononi, hakuna mwingine. Lakini mama mkwe anakaa bondeni, na magoti yake hayapandi tena mlima mpaka kwangu Kitshanga. Pikipiki hataki. Tipoyi ndiyo hataki kabisa! Wanaume walimbeba Geneviève ndani ya tipoyi, ile machela ya mianzi ya mabegani, wakamshusha kwenye kituo cha afya, na hakurudi. Mama amesema hatapanda kitu hicho mpaka afe, na hata akifa wafikirie mara mbili.

Kila mtu alitazama viatu vyake. Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba mama ataletwa na gari. Sauti ilikuwa yangu.

Védaste akauliza gari gani. Védaste amemwoa Bibiche, mdogo wa Geneviève. Sisi wawili ni wakwe wa nyumba moja, na tangu mwanzo ananiona mimi mkwe wa akiba. Nikajibu: gari langu. La umeme. La spoti. Nitaliunda mwenyewe. Alicheka mpaka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamtoka puani. Bonne chance, Papa Hilaire, alinitakia heri, akijipangusa.

Acheke tu. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa sola na kufufua redio. Tofauti kati ya redio na gari ni magurudumu.

Alhamisi, 10 mwezi wa kumi

Siri nimeipata! Niliisoma kwenye simu ya mteja wakati inachaji. Gari la spoti si nguvu, ni wepesi. Likiwa jepesi, hata mota ndogo inalirusha. Ajabu, matajiri wote wa Goma wanaendesha vyuma vizito na hakuna aliyewaambia.

Mota imefika juu ya Fuso ya viazi. Ilitoka kwenye tukutuku ya umeme iliyoanguka Goma. Betri ni zangu za sola. Fremu na magurudumu anachonga Akilimali, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Anasema chukudu ya magurudumu mane iko chukudu mbili zenye ziligombana. Breki ni kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Mwili nimeusuka mwenyewe kwa matete mabichi, kama kikapu.

Akilimali amepitisha mianzi miwili mirefu chini ya gari, ikatokeza mbele na nyuma. Nikamwambia aikate. Uzito! Akasema bila hiyo gari litakunjika kama mkeka. Tumeiacha. Inaharibu sura.

Jumatatu, 14 mwezi wa kumi

Siku nzima sokoni, kwenye mizani ya maharage ya Bibiche. Nimepima kila kipande. Honi: nzito, nitapiga kelele kwa mdomo. Kioo cha kutazama nyuma: cha nini? Nyuma tumeshapita. Wateja walilalamika kungoja. Mama mmoja alienda nyumbani na misumari yangu, mimi nikarudi na maharage yake.

Viti ni viwili, vyote mbele. Gari la spoti halina nyuma.

Geneviève alipenda mbele. Safari moja ya Goma, dereva wa Fuso alimwahidi nafasi karibu naye. Alivaa kitenge kipya, akasimama na mkoba wake mlangoni. Mfanyabiashara mmoja mnene akaja akaketi pale bila hata kusema bonjour. Geneviève alisafiri nyuma juu ya mashu, yaani kabichi, na mvua ikanyesha. Alifika anacheka, akaniletea shu moja, akasema ndiyo ile alikalia. Lakini kila gari lililopita alitazama nani amekaa mbele.

Kipimo cha kiti nimekichukua kwenye kitenge kile. Pale alipofungia fundo pamechakaa, panaonekana vizuri.

Védaste alipita. Alivitazama viti muda mrefu. Akauliza kama vitabaki hivyo hivyo, vimeshikana. Nikasema ndiyo, bega kwa bega. Akatabasamu. Iko muzuri sana, Papa Hilaire, endelea. Huenda mtu huyu nilimhukumu vibaya.

Ijumaa, 18 mwezi wa kumi

Limekwenda! Kinyumenyume.

Nyaya niliziunga kwa kugeuza. Nilikandamiza swichi nikitazama barabara, barabara ikanikimbia. Nikapiga kelele pii! pii! kama nilivyopanga, lakini watu wa mbele hawakuwa na haja nayo, na wa nyuma walidhani nimewaaga. Kioo kile kingenisaidia kidogo.

Nilisimama katikati ya ng'ombe za Papa Nestor. Ng'ombe mmoja mweupe alilitazama gari kwa utulivu mkubwa, kisha akala mlango wa kushoto. Matete mabichi, najua, najua. Mchungaji alipofika, mnyama alikuwa ameanza boneti.

Védaste alikuwapo. Yeye huwapo daima. Alitangaza mbele ya watu kwamba kesho wakikamua ng'ombe ile watapata kura. Watu walicheka hadi wakashikana. Kura ni umeme. Nilielewa baada ya kufika nyumbani.

Lakini nimepima. Bila mlango gari limekuwa jepesi zaidi. Mlango wa kulia nimempelekea ng'ombe mwenyewe.

Jumapili, 20 mwezi wa kumi

Ushindi, kisha msiba.

Baada ya misa gari lilikwenda mbele. Mbele! Mbele ya kanisa, mbele ya kwaya yote! Jekundu, maana nililipaka rangi iliyobaki kwenye geti la parokia. Lilipita chukudu mbili na mbuzi. Wamama walipiga vigelegele. Mzee mmoja alitoa kofia.

Ndipo Védaste akasogea, kwa sauti ya upole kama anauliza saa.

"Papa Hilaire, mama atakala huku. Na weye utakala wapi?"

Nikaonyesha kiti cha pili. Kando ya mama.

Vigelegele vilikatika. Bibiche akafunika mdomo. Kando ya mama mkwe! Bega kwa bega! Mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Jina lake halitaji, hata humu siliandiki. Akikutana naye kwenye kijia, anaingia pembeni mpaka mama apite. Kwa ajili ya mama huyu nimeingia kwenye mashamba yote ya maharage ya bonde lile, na moja lilikuwa na nyuki.

Védaste alijua tangu siku ya mizani. Alinyamaza mpaka rangi ikauke.

Nimejiuliza nilisahau vipi. Nadhani ni hivi: nilipokuwa nasuka kile kiti, aliyekuwa amekaa ndani yake hakuwa mama mkwe.

Jumanne, 22 mwezi wa kumi

Nilipeleka ujumbe kupitia Bibiche: nitaweka pazia kati ya viti. Jibu la mama: upepo utalifunua. Nikapendekeza ubao. Jibu: ubao hauzuii kusikiana pumzi. Nikapendekeza mama akae kitini, nami nilale juu ya boneti. Bibiche alikataa kuupeleka ujumbe huo.

Védaste anaeneza habari kwamba mimi natafuta kuoa mama, tena bila kulipa ng'ombe. Watu wananiuliza sokoni wakiwa na nyuso za huruma.

Kama mama haji Jumamosi, nitabaki na kitambaa hiki mwaka mwingine. Si kwamba kinanisumbua. Lakini Geneviève hakupenda nyeusi. Alisema inanifanya nionekane kama mtu wa ofisi.

Jioni jibu limekuja lenyewe. Nimekata kiti kimoja. Wepesi! Mama atakaa peke yake na kushika usukani. Mimi nitatembea nyuma, swichi mkononi, kwenye waya mrefu, kama mtu anayepeleka ng'ombe. Hakuna bega, hakuna pumzi. Mama amekubali. Ameuliza tu kama kiti kiko mbele kweli.

Jumamosi, 26 mwezi wa kumi

Mvua ilinyesha hadi asubuhi.

Mama mkwe alitoka nyumbani kwake bondeni na kitenge cha sikukuu. Najua kwa sababu Bibiche aliniambia. Mimi nilikuwa nimetazama mti. Akaingia garini. Akashika usukani kama mpini wa jembe. Nikakandamiza swichi, uso wangu umegeukia mlimani kwa heshima. Kuendesha gari usiloweza kulitazama si rahisi. Bibiche alitembea kando akinitangazia: kushoto, kulia, simama Papa Hilaire, kuku! Kwenye tambarare tulienda vizuri sana. Nyuma walifuata wanaume wa chama cha kubeba wagonjwa, wageni wangu wa leo, na Akilimali, na Védaste na viatu vyeupe. Yeye alikuja kuona.

Mlima ulipoanza, matope. Magurudumu yakazunguka, gari likakaa. Nikaongeza. Likazidi kukaa. Kidogo kidogo Bibiche akanitangazia mama anavyopungua urefu.

Akilimali aliitazama mianzi ile miwili iliyotokeza. Wanaume wakaitazama. Waliinama, wakaingiza mabega, na gari likanyanyuka na mama ndani kama kikapu cha majani. Nilitaka kupiga kelele kwamba huo ndio wepesi niliosema!

Lakini mama alilia kwa sauti.

"Hii si tipoyi? Bibiche, hii si tipoyi? Munishushe!"

Wanaume wakasimama. Walikuwa wale wale. Mwaka jana walishuka njia hii na Geneviève, nami nilitembea kando yake, akaniomba nisisahau kufungia kuku. Kama mama akishuka hapa, anarudi nyumbani kwake, na mambo yameisha.

Nilikuwa nimetazama mikalitusi. Waya ulikuwa bado mkononi. Nikakandamiza swichi. Magurudumu yote manne yakaanza kuzunguka, hewani.

Nikamwomba Bibiche amwambie mama kwamba tipoyi haina mota.

Mama alisikiliza mlio. Alisikiliza muda mrefu. Akauliza kama gurudumu la upande asioona nalo linazunguka. Bibiche akasema linazunguka, mama. Basi ni gari, alisema mama. Muende. Lakini wasikimbie, anataka kuona njia.

Tulipanda hivyo mlima wote. Mama mbele, akikata kona kwa usukani ambao haukukata kitu. Watu wa njiani walivua kofia wakidhani ni mgonjwa, kisha mgonjwa akawapungia mkono. Bega moja la nyuma lilikosa mtu, na Bibiche akamsukuma mume wake. Védaste alibeba nyuma ya gurudumu lililojaa matope, nalo linazunguka. Viatu vyeupe, shati jeupe, meno meupe. Aliomba nipunguze mwendo. Sikuweza. Lingekuwa tipoyi.

Nyumbani mama alinivua kitambaa nikiwa nimetazama ukuta. Kisha akamwambia Bibiche, kwa sauti ya kunifikia, kwamba marehemu alipenda mbele, na leo yeye amekaa pale, na ni kweli, mtu anaona kila kitu.

Niliendelea kutazama ukuta hata baada ya watu kwenda kula.

Jumatatu, 28 mwezi wa kumi

Nimefanya hesabu ya safari kwa akili tulivu. Gari halina kosa. Lilipanda mlima bila kuteleza hata mara moja tangu lilipoacha kugusa chini. Matope yamelaumiwa bure.

Tena habari njema! Mama mkwe ametuma neno: Noeli anataka gari lije kumchukua tena kwa misa. Kasoro niliyoiona ni moja tu. Abiria alikaa peke yake, hana wa kuzungumza naye, na mimi nyuma na waya nilitumbukia mfereji mara mbili. Jibu ni rahisi, sijui kwa nini sikulifikiria mapema. Viti viwili, mbele, vimeshikana. Mama kiti kimoja, mimi kando yake na usukani. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Nimeanza kusuka leo. Matete mabichi ndiyo yanayopindika vizuri. Kipimo nimekichukua kwenye kitenge kile kile, pale kwenye fundo.

Védaste alipita, masikio bado yana matope. Alivitazama viti. Akauliza kama ni bega kwa bega. Nikasema bega kwa bega.

Akatabasamu, akanipiga mgongoni. Iko muzuri sana, Papa Hilaire. Endelea.

Mtu mwema kumbe. Nilimhukumu vibaya.