Kilo Ishirini na Mbili za Bundala

Jumatatu, 12 Agosti
Mjukuu kazaliwa jana Dar! Wa kiume! Mke wangu Mwanajuma, aliye huko mwezi mzima akimwangalia binti yetu Anifa, kapiga simu huku analia na kucheka. Akika ni Jumamosi baada ya adhuhuri, na hapohapo mtoto atapewa jina. Nikauliza jina gani. Akaniuliza hali ya hewa ya Tabora. Nikajua tu. Sabiri, baba wa mkwe wangu, anataka mtoto aitwe jina la baba yake. Kwani marehemu baba yangu, Mussa, hakuwa baba wa mtu? Nimesema nisipokuwepo hakuna jina. Mwanajuma kasema basi nije na asali ya nyuki wadogo, Anifa hataki kitu kingine kwenye uji wake. Halafu akaongeza kwamba Sabiri atakuja uwanja wa ndege kunipokea kwa gari lake.

Siku ya harusi ya Anifa, Sabiri alinipa lifti mara moja tu. Miaka mitatu sasa hajamaliza kusimulia alivyonibeba mimi, fundi Majidi, na koti langu. Nikibebwa tena, kwenye suala la jina nitafungua mdomo gani?

Jumanne, 13 Agosti
Sikulala. Asubuhi nimepata dawa! Ile baiskeli ya kukunja niliyonunua mitumbani. Inakunjika kama kiti cha msibani. Itapanda ndege kama mzigo, nitashuka nayo, nitaikunjua, nitaendesha mpaka Tandika kwa Anifa kwa miguu yangu mwenyewe. Sabiri abaki na gari lake. Babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Miezi mitatu. Mimi sibebi wala sibebwi.

Wasiwasi mmoja: wakiikataa? Nimeishonea gunia, fundi cherehani nashindwaje. Usukani na pedali vilikuwa vinatokeza, nikavifungua kwa spana na kuviweka ubavuni. Juu nimeandika kwa wino mwekundu: NGUO ZA MTOTO.

Jumatano, 14 Agosti
Tiketi inaruhusu kilo ishirini na tatu. Ndani ya gunia kuna baiskeli, dumu la asali lita tatu, na karanga. Nimepeleka kupima kwa rafiki yangu Bundala, anayenunua karanga za wakulima. Kilo ishirini na mbili! Roho ikatulia. Nikaongeza vitenge viwili. Bado ishirini na mbili! Mizani yenye baraka hiyo.

Nikiwa hapo kaingia Mama Agnetha, mkulima wa Puge, na gunia lake la karanga, analalamika kwamba nyumbani lilikuwa na kilo nyingi, hapa zimepungua tisa. Nikamtetea Bundala kwa nguvu zote. Nikamwambia mama, jua la njiani limekausha karanga zako. Akaniangalia. Akaliangalia gunia langu. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 15 Agosti
Sabiri kapiga simu. Shikamoo kaka, kanianza, kwa sauti laini kabisa, wakati tunalingana umri! Anapanga kitu huyu. Anasema gari kalipeleka kuoshwa na kiti cha mbele ni changu. Nikasema inshallah. Nikakata simu. Uji umenishinda.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimeota ndege imeruka, gunia limebaki limekaa kwenye kiti cha chumba cha abiria, linaniangalia kama Mama Agnetha. Nimelipima tena kwa Bundala. Ishirini na mbili. Nimeomba dua hata hivyo.

Jumamosi, 17 Agosti, uwanjani Tabora
Balaa! Dada wa mizigo, jina lake Suzana, kasoma NGUO ZA MTOTO, kagonga gunia kwa kidole, likalia ngii. Akaniuliza mtoto huyo anavaa chuma? Nikakiri. Akacheka, akasema baba yangu, baiskeli inaruhusiwa, ungesema tu. Siku nne za kutetemeka bure!

Kisha akaliweka kwenye mizani. Kilo ishirini na tisa.

Nikamwambia mizani yenu mbovu. Watu nyuma wakaguna. Kulipia kilo za ziada sina, tiketi imenimaliza. Suzana akanishauri kwa upole niache baiskeli, mlinzi ataitunza mpaka nirudi, niende na asali ya mzazi. Akilini nikamwona Sabiri na kiti chake cha mbele. Nikatoa karanga. Nikatoa vitenge. Nikatoa asali. Mlinzi kaahidi kuvitunza.

Gunia limekwenda. Kwenye ukaguzi wa abiria wamekuta spana mfukoni mwangu. Wameichukua.

Jumamosi hiyohiyo, jioni, Tandika
Naandika bega moja haliinuki.

Baiskeli ilifika salama, haina hata mkwaruzo. Sabiri alikuwa nje, kavaa kanzu, anapiga simu. Simu yangu ikaita! Nikaikalia. Nikajificha nyuma ya nguzo na gunia langu dakika arobaini, mpaka akakata tamaa na kuondoka. Nimeushona uhuru wangu, nikasema moyoni. Nikafungua gunia. Usukani huku, pedali kule, spana Tabora.

Dereva wa bodaboda kaniuliza kwa nini baiskeli yangu hainibebi. Nikamwambia apite zake. Nikaitia begani. Nikatembea. Jua la Dar halina adabu. Nilipofika, watu wameshakula, shehe kaondoka, sufuria zinaoshwa.

Mtoto kapewa jina. Nikamuuliza Mwanajuma, nani? Akasema walinisubiri mpaka alasiri. Shehe alipotaka kuondoka, Sabiri mwenyewe akasimama, akasema mzazi mwenzetu yuko njiani anahangaika, basi walau akute jina la baba yake mlangoni. Mussa.

Wakanipa mtoto. Mdogo, ana masikio ya baba. Machozi yakanitoka mbele ya watu. Nikasema ni jasho.

Anifa akauliza kwa sauti ndogo, baba, asali iko wapi? Nikasema inakuja. Akageukia ukutani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bega.

Jumapili, 18 Agosti
Nimelala, akili imetulia, nimeelewa kila kitu. Sabiri alipata habari kwamba nakuja na usafiri wangu. Akaogopa. Akatoa jina. Mpango umefanya kazi! Leo kaazima spana, kapiga magoti, kaifunga baiskeli yote mwenyewe. Hatia hiyo.

Anasema kesho kuna jamaa yake anatoka Tabora kwa gari, ataleta dumu la asali bila shida. Nimekataa katakata. Asali ya mwanangu ibebwe na gari la upande wa Sabiri! Jumanne narudi Tabora, nauli nitakopa, Ijumaa nitaileta mwenyewe. Madumu mawili, karanga, vitenge, na kichwa cha cherehani nimshonee Mussa kanzu papa hapa. Baiskeli nitakwenda nayo na kurudi nayo.

Nimempigia Bundala nimsomee orodha. Hakupima hata kimoja. Kasema niwe na amani, havizidi ishirini na mbili.