Muhuri wa Titi Salama

Kwa niaba ya Kamati ya Kutangaza Matiti Salama, nina furaha kuarifu umma kwamba mwaka wa 2003 tuliikomesha saratani ya matiti hapa Machakos kwa muhuri mmoja. Mimi nilikuwa katibu, na muhuri ulikaa kwenye droo yangu.

Utaratibu wetu haukuwa na dosari. Mama anapigwa eksirei ya matiti, Mwenyekiti Maundu anaiinua picha dirishani, haoni kitu, nami nagonga SALAMA.

Tuliandaa sherehe ya mama wa elfu moja. Bahati ilimwangukia Syombua, mkulima wa Kola, ambaye kikundi chake cha mwethya, wanawake wanaolimiana kwa zamu, ndicho kilichotupikia siku hiyo. Picha yake ilitoka nyeupe pe pe pe. Ndunge, mpiga eksirei wetu, aliileta mwenyewe.

"Mwenyekiti, hii bado. Titi ya huyu mama imeshikana sana, haina mafuta mingi. Nyama kama hiyo inatoka nyeupe kwa picha, na uvimbe pia inatoka nyeupe. Inaweza kuwa hapo na tusiione. Apelekwe altrasaundi."

"Wewe umeuona uvimbe?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hakuna."

Syombua alikuwa mlangoni na mwiko wake. "Lakini mimi naiskia, Mwenyekiti. Iko hapa, kama harage. Dada yangu alianza hivi hivi, na tulimzika."

"Mama, fomu haina nafasi ya kusikia."

Nikagonga. Niliona aibu kidogo.

Syombua alikisoma cheti chake mara mbili, akatoka. Aliporudi alikuwa na beseni ya unga wa mahindi, ule wa chakula chetu cha mchana, na wenzake wote wa mwethya nyuma yake. Alituonyesha kijiwe cheupe, akakitumbukiza, akaukoroga unga.

"Sasa angalia na macho tu, Mwenyekiti. Unaona jiwe?"

Mwenyekiti alivaa miwani, akabeba beseni hadi dirishani, akaizungusha kitaalamu.

"Sioni."

"Basi hakuna. Katibu, gonga."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliandika karatasi, nikaibandika kwenye beseni na kugonga SALAMA.

"Haya, tupike," akasema Syombua. "Hii yote ni ya sahani yako."

Maundu akajishika mdomo. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, yametoka Nairobi juzi tu.

"Aiya! Ngojeni! Leteni chekecheke kwanza!"

"Ya nini, na hujaona kitu?"

"Kwani nisipoona ndiyo hakuna?" alifoka mbele ya wageni waalikwa.

Niliyaingiza maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano, neno kwa neno, kwa raha isiyomfaa katibu. Kisha nikasukuma mbele yake barua ya altrasaundi. Aliitia sahihi kabla maji hayajachemka.

Uvimbe ulionekana. Ulikuwa bado mdogo, ukatolewa mapema, na ripoti yetu ya mwaka ikaisifu Kamati kwa umakini wake.

Syombua bado hutupikia kila tunapokutana. Mwenyekiti naye huuliza, kabla ya kunawa, kama unga umechekechwa.

"Iko na muhuri, Mwenyekiti," Syombua humjibu, na mheshimiwa hushinda na chai tu.