Wimbo wa Bitutu na Ndege ya Akra

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Nafasi imepatikana. Tamasha la waandishi linaanza Kisii mjini Alhamisi. Wanakuja kutoka nchi nyingi, na kila mmoja atasoma kwa lugha ya mama yake. Atakayewapendeza wageni atapelekwa Akra mwakani. Kwa ndege! Ekegusii chetu kimepewa msomaji mmoja tu, naye ameshachaguliwa. Mwalimu Ondieki.

Ondieki, anayevaa tai kwenda kukamua ng'ombe. Anaandika mashairi tangu ujana, na nasikia ni mazuri. Mimi sina hata moja. Hilo ni jambo dogo.

Alipita kwenye kituo cha kununulia majani chai, ambako mimi ndiye karani wa mizani. Nikamwambia kwamba hata mimi ni mwandishi. Akaniuliza mbele ya kina mama wote, "Karani, umeandika nini maishani zaidi ya uzito wa majani?" Walicheka hadi wakatua vikapu. Kikapu cha mke wake nikakipima kwa ukali.

Jumanne, 7 Agosti

Shairi nimelipata. Lilikuwa nyumbani siku zote.

Mama huliimba kila asubuhi akichuma chai. Ni la dada yangu Bitutu, aliyefariki akijifungua, miaka mitatu sasa. Aliolewa Tabaka, kwa hiyo alizikwa Tabaka, kwa mumewe, kama ilivyo desturi. Siku ya mazishi mto ulifurika. Mama akakaa ng'ambo akingoja maji yapungue. Alipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wanakula. Hakupata kumlilia mbele ya watu. Tangu hapo anamlilia kwenye chai, kwa sauti ndogo, peke yake. Wazee wa kanisa walimwambia aache maombolezo ya kienyeji. Aliitikia, akaendelea.

Leo nilijificha nyuma ya migomba na kalamu. "Bitutu, mto umenizuia, wamekufunika nikiwa ng'ambo. Bitutu, nani atakuamsha, umande umeshakauka." Nimeandika yote. Siafu walinipanda hadi gotini na sikusogea. Hakuna mwandishi asiyeumia.

Jumatano, 8 Agosti

Kisii mjini, kwa Bwana Mulwa, katibu wa tamasha. Mkamba, Mkatoliki, mpole. Ametoka Nairobi juzi na hatujui sisi.

Nilimweleza kwamba Ekegusii kimewekwa Ijumaa mchana, watu wakiwa mashambani wanachuma chai. Siku ambayo watu wetu wengi hawashiki kazi ni Jumamosi. Akanishukuru sana, akafuta Ijumaa, akaandika Jumamosi asubuhi. Sikusema uongo. Sikusema tu kwamba hawashiki kazi kwa sababu wako kanisani. Ondieki ni mzee wa kanisa letu la Waadventista. Hatasoma shairi siku ya Sabato hata ashikiwe panga.

Nikaongeza kwamba mimi nina shairi tayari, ikiwa Mwalimu atapata udhuru. Nikamtafsiria. Akasema lina uzito, ila wageni wa Akra hupenda jambo linalogusa bara zima. Nikafikiri. Bitutu ni nani huko Akra? Nikatoa jina lake, nikaweka Afrika. Silabi tatu kwa tatu, halikuharibika kitu. Bwana Mulwa akasikiliza tena na kusema sasa ameelewa: mto ni ukoloni.

Sikujua hilo. Nikakubali.

Ijumaa, 10 Agosti

Ondieki amejitoa! Alifika ukumbini amenyoa vizuri, akaambiwa siku imebadilishwa. Hakugomba. Alikunja karatasi zake akazitia mfukoni. Alisema tu kwamba baba yake alitaka kumsikia, na ametoka Nyamache kwa ajili hiyo. Mzee alikuwa ameshaketi safu ya mbele, na koti zito, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu alimwinamia, akamwambia kitu sikioni, akamshika mkono. Wakatoka polepole.

Nilifurahi sana. Nilifurahi hadi chakula cha mchana kikanishinda.

Nikabaki kusikiliza. Mganda alisoma Kiganda. Mzee wa Kihindi kutoka Kisumu alisoma Kigujarati, akafuta miwani. Bi Tsehay wa Ethiopia alisoma Kiamhari, shuka jeupe mabegani. Sikuelewa hata neno. Nilipiga makofi wengine walipopiga. Mara moja nilipiga peke yangu. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

Huyu Bi Tsehay ndiye atakayechagua wa kwenda Akra. Anabeba kinasa sauti kila aendako, kama mtoto asiye na yaya.

Jumamosi, 11 Agosti

Naandika sasa kwa kuwa jua limetua. Kuandika siku ya Sabato ni dhambi.

Nilimwambia Mama nimeitwa kuimba na kwaya ya Nyamache, nikatoka na kitabu cha nyimbo kwapani. Akaniombea safari njema.

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Wageni, Wakatoliki wachache, na askari aliyekimbia mvua. Watu wetu walikuwa kanisani, kama nilivyopanga. Mpango huo sikuwa nimeufikiria hadi mwisho.

Sikusoma, niliimba. Nilianza vizuri. Afrika, mto umenizuia. Afrika, wamekufunika. Kwenye mstari wa mwisho ulimi ukateleza, nikasema Bitutu. Mara moja tu. Kisha sauti ikakatika. Vumbi. Ukumbi ule haufagiliwi. Wageni wakadhani ndivyo shairi linavyokwisha, wakainuka wote.

Bi Tsehay alikuwa amenasa yote. Aliniuliza, kwa Kiingereza, shairi lilizaliwa wapi. Nikajibu kwamba lilizaliwa katika chai yetu karibu na Ikonge, mimi na umande tu. Akasema kesho angependa kuiona chai hiyo.

Ningesema lilizaliwa hotelini.

Jumapili, 12 Agosti

Mpango wangu: Mama aende Ikonge na ndizi, arudi wageni wakiwa wameshaondoka. Alikubali. Alifika barabarani akaliona gari la Bwana Mulwa linakata kona, akatua mkungu akarudi. Mgeni haachiwi nyumba isiyo na mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara ya mtu aliyelelewa vizuri.

Sikutishika. Bi Tsehay hajui Ekegusii. Mama hajui Kiingereza. Mkalimani ni mimi.

Bi Tsehay akasema mama wa mshairi anastahili kumsikia mwanawe. Akakiweka kinasa sauti juu ya meza, akakiwasha. Sauti yangu ikatoka. Mama alikuwa ameshika birika. Alilishika vivyo hivyo, amesimama, hadi pale sauti inapokatika. Ndipo akalitua.

"Omwenga, mwanangu. Huyu Afrika ni nani?"

Nikamwambia Afrika ni bara. Ni nchi zote kwa pamoja.

"Alizikwa wapi?"

Bi Tsehay akauliza Mama amesema nini. Nikatafsiri kwamba amefurahi mno, na anauliza kama wageni wanatumia sukari.

Bi Tsehay alinitazama mimi, akamtazama Mama. Akavua viatu. Akaketi sakafuni, akajifunika lile shuka kichwani. Mama akaketi kando yake. Baada ya muda Mama alianza kusema kwa Ekegusii, habari za mto, za udongo uliosawazishwa, za watu waliokuwa wanakula. Mgeni akajibu kwa Kiamhari. Jina Dawit lilirudi mara kwa mara katika maneno yake, na kila liliporudi alifungua kiganja akakifumba. Nilijitolea kutafsiri, ingawa Kiamhari sikijui. Hakuna aliyenigeukia.

Kisha Mama akaelekeza kidole kwenye kinasa sauti na kuniuliza kama binti yake yumo humo ndani. Nikasema ni kanda tu. Bi Tsehay hakungoja tafsiri. Aliitoa kanda, akamwekea Mama mikononi.

Mama aliifunga kwa jani la mgomba, akachukua jembe, akaenda kwenye mstari wa kwanza wa chai. Akachimba. Wakaizika wawili hao, wakasawazisha udongo kwa mikono. Bwana Mulwa alivua kofia bila kuambiwa. Hapo Mama akalia kwa sauti, mbele ya watu, akimwita Bitutu kwa jina lake. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Wakakuta upo.

Na mimi? Kanda ya pekee yenye sauti yangu iko chini ya udongo. Nilimwuliza Bi Tsehay kama kwa Akra atategemea kumbukumbu. Alikuwa anavaa viatu. Hakunisikia.

Jumatano, 15 Agosti

Bwana Mulwa alisimamisha gari kituoni kunipa habari. Akra atakwenda Mwalimu Ondieki. Jumatatu Bi Tsehay alimkaribisha asome barazani pa hoteli, baba yake kando, watumishi wameacha kazi kusikiliza. Mzee aliomba mashairi yarudiwe yote. Upendeleo mtupu.

Mama haimbi tena. Anachuma kimya. Akifika pale mahali anapaacha, anaruka kwenda mche unaofuata. Nilimwambia kwamba sasa kikapu kitajaa mapema, kwa kuwa hapotezi pumzi. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao kilichoandikwa kwa lugha ya mbali.

Nilichelewa kazini jana, nikachelewa na leo. Kumbe ule wimbo ndio uliokuwa ukiniamsha. Itabidi ninunue saa.

Jumamosi, 18 Agosti

Jua limetua.

Mama alipokwenda kanisani nilisema naumwa tumbo. Nikatoa jembe, nikaenda kwenye chai. Mama amepazungushia vipande vya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, ya waridi, ya Tabaka. Bitutu alimletea alipokuja kutusalimia mara ya mwisho. Vilikuwa dirishani tangu wakati huo. Nikaamua kwamba kanda itakuwa imeshaoza, udongo wetu una maji mengi. Uamuzi wa kitaalamu tu. Nikarudisha jembe.

Sasa habari njema. Bwana Mulwa anasema tamasha litarudi mwakani. Kosa langu lilikuwa moja: kuchukua wimbo wa nyumbani, ambao mwenyewe yupo jikoni. Safari hii nitatafuta nje.

Mzee Makori, jirani yetu wa bondeni, amelala wiki hizi na hata uji haupiti. Mkewe Bathsheba ana sauti ya maombolezo ambayo hakuna mwanamke huku anayeifikia. Jioni hii nimekwenda kumjulia hali mgonjwa, na sukari mkononi. Bathsheba alinishika mikono yote miwili, akaniambia nina moyo wa dada yangu. Nimeahidi kuwa nitapita kila siku.

Makori. Silabi tatu. Nimechonga penseli.