Bega Langu na Salongo

Jumatatu, tarehe 13 Juni 1977

Bima imekataa! Barua ndefu ya Kifaransa, lakini neno ni moja tu: bega langu halikuumia kazini. Liliumia siku ya Salongo, tulipoitwa kujenga taifa bila malipo, na Salongo, wanasema, si kazi. Ni mapendo ya raia kwa nchi yake.

Mapendo! Tulichimba mfereji kule Kadutu jumamosi nzima, kwa amri ya mkurugenzi wetu, mvua mgongoni. Nilibeba jiwe, nikateleza, nikaangukia bega la kuume. Tangu siku ile mkono haupandi kupita kifua. Domitille ndiye ananivika shati kama mtoto wa shule.

Kampuni ya chai imesema wazi. Bima ikinikubali kama mfanyakazi aliyeumia kazini, nabaki na nyumba ya kampuni. Ikikataa, tuhame kabla mwezi haujaisha. Tuhamie wapi? Kijijini Luhwindja, kwa baba mkwe, ambaye tangu siku ya posa alisema mimi ni mtu wa maneno. Afadhali nivunjike na bega la pili.

Jioni akaja Polycarpe, anayeshika nafasi yangu depo tangu niumie. Roho nzuri sana. Akasema niachane na Salongo: nidai niliumia siku moja kabla, ijumaa, ndani ya depo, chini ya magunia. Yeye atakuwa shahidi. Kisha akasimama mbele ya dirisha letu, akalipima kwa shibiri, akasema pazia la bluu lingefaa. Mwenye shida zake nyingi, bado anafikiria mapazia yetu.

Jumanne, tarehe 14

Mimi na Polycarpe tumekwenda ofisi ya bima. Anayeshughulika na mambo yangu ni Citoyen Bahizire (siku hizi hatusemi Bwana), miwani minene, koti la abacost lililopigwa pasi hadi linang'aa. Nilisema ijumaa. Akatazama kalenda ukutani, akanitazama mimi, akaandika. Akauliza kama nina hakika. Hakika kabisa, nilisema, hata harufu ya majani ya chai naikumbuka.

Polycarpe akaongeza chumvi. Gunia la kwanza liliniangukia, la pili likafuata, mimi nikaita jina la mama yangu. Shahidi wa namna hii hata mahakamani hapatikani. Bahizire akacheka kidogo, ndani ya pua. Kicheko kile sikukipenda.

Jumatano, tarehe 15

Nimekwisha.

Domitille alikuwa anachambua vidagaa vya sambaza. Akauliza ni ijumaa ipi. Nikasema ile ya kabla ya Salongo. Mikono yake ikasimama.

— Papa Noëlla, ile ilikuwa vingt mai. Sikukuu ya chama. Depo ilifungwa, tulikuwa wote ku défilé. Na weye ndiye ulikuwa unabeba ile bango kubwa.

Ni kweli. Nilibeba bango kutoka mwanzo wa gwaride hadi mwisho. Kwa bega hilihili.

Sasa nifikiri. Nikisema nilikuwa depo, basi nilikimbia gwaride la chama. Kuna watu waliitwa kwa kosa dogo kuliko hilo, wakarudi wamekonda, na mpaka leo hawasimulii. Nikisema nilikuwa kwenye gwaride, basi niliidanganya bima, na nyumba imekwenda. Domitille anasema niseme ukweli. Wanawake hawaelewi mambo ya ofisi.

Ijumaa, tarehe 17

Nimeitwa! Aliyeniita ni Constantin, mkubwa wa chama mtaani kwetu. Mbele yake tunamwita Citoyen Cirhuza, kwa sababu majina ya ubatizo yamekatazwa na yeye ndiye anayetukatazia, ingawa mama yake bado humwita Constantin kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti kubwa. Jumatatu nifike kwake nieleze nilikuwa wapi tarehe 20 Mei. Mtu wa bima naye atakuwako.

Nani amenisemea? Polycarpe amesikitika kuliko mimi. Ameapa kumtafuta msaliti huyo. Kabla ya kuondoka ameuliza kama paa letu linavuja.

Mpango wangu: kuzimia. Nimejizoeza kwenye mkeka. Domitille ameniomba niinuke, anataka kufagia.

Jumatatu, tarehe 20

Niandike kabla sijasahau.

Constantin alikaa mezani, picha ya Rais, Mwongozi wetu, juu ya kichwa chake. Bahizire kando, karatasi zangu magotini. Domitille alikuja bila kualikwa, akakaa karibu na mlango. Constantin akaniuliza: depo au gwaride? Akasema nijibu mara moja tu.

Nikajaribu kuzimia. Magoti yakakataa, yakabaki wima kama miti ya uzio. Niliogopa, sifichi. Niliona lori linalowachukua watu, nikamwona Domitille peke yake barabarani na masufuria.

Ndipo Domitille akasimama. Akasema mume wake alikuwa kwenye gwaride, mtaa mzima ulimwona na bango lake. Bega aliliumiza kesho yake, ku Salongo. Maneno ya magunia ni uongo, na anaomba samahani kwa niaba ya mpumbavu wake. Kisha akamgeukia Bahizire, polepole, kwa heshima zote.

— Papa, munasema Salongo haiko kazi, iko mapendo. Sasa ule mwenye hakuja ku Salongo, juu ya nini kampuni ilimukata mushahara? Mapendo inakataka mushahara?

 

Constantin akageuza kichwa. Akataka kujua ni nani aliyesema Salongo si kazi. Bahizire akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Jasho likapita katikati ya abacost. Akasema hakuna aliyesema hivyo. Labda ni kosa la dactylo, mpiga chapa wao. Yeye binafsi anaiona Salongo kuwa kazi kubwa kupita zote, tena ana furaha kusema hivyo mbele ya chama. Kuhusu magunia, Constantin akasema kudanganya bima ni shauri la bima, na Bahizire akajibu haraka kwamba bima haikusikia magunia yoyote.

Tumepata! Daktari wao atapima mkono, na mkono kweli haupandi, hakuna cha kuongeza. Njiani nilimshika Domitille mkono mbele ya watu. Nikalia kidogo. Alisema nipanguse pua.

Alhamisi, tarehe 23

Daktari amepima jana. Ameandika ukweli mtupu. Leo Bahizire amekuja mwenyewe na karatasi ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kutia sahihi kwa mkono wa kushoto, nyumba ibaki yetu. Domitille alikuwa amekwisha kumpikia chai.

Lakini asubuhi Polycarpe alikuwa amepita. Alisema bega peke yake ni kitu kidogo, mtu mwenye akili huongeza na mguu, kwa kuwa sasa wanamwogopa mke wangu. Wazo zuri! Nikamwambia Bahizire kwamba hata mguu uliumia siku ile, nilisahau tu kuutaja.

Bahizire akakunja karatasi, akairudisha mfukoni. Akasema mambo yote yataanza upya, na safari hii atakuja mkaguzi kutoka Kinshasa, asiyemjua Citoyen Cirhuza wala mke wangu. Hakumaliza chai.

Domitille anafunga masufuria ndani ya kitenge. Nimemwambia aache haraka, angoje kidogo. Kesho asubuhi naanza kuchechemea. Nimechagua mguu wa kushoto.