Paa Watano wa Jengo la Vyeti

Inatangazwa kwa umma wote, wa karibu na wa mbali, wenye namba za foleni na wasio nazo, kwamba Jengo la Vyeti lenye ghorofa nane sasa ni makazi rasmi ya paa watano. Paa hao wasisumbuliwe, wasizomewe, wasipewe vitu vyenye ncha kali.

Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi, likiwa na mihuri mitatu na saini ya Mkurugenzi. Fundi alilisoma, akauweka chini mkoba wake wa spana, akalisoma tena. Kwa miaka tisa alikuwa akipanda juu ya jengo lile kila baada ya miezi mitatu, na hakuwahi kukutana na mnyama mkubwa kuliko mjusi.

Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa lake, maana ofisi haina nafasi ya kukosea. Kule juu kulikuwa na viyoyozi vitano, kila kimoja kimo cha kabati la nguo, vya kupuliza baridi msimu wa joto na joto msimu wa baridi. Msimu wa joto ulikuwa unabisha hodi. Vichujio vilikuwa vimeziba kwa vumbi na mkanda wa feni ya tatu umelegea kama suruali ya kuazima. Fundi alikwenda kuomba kibali, akapewa fomu. Kisanduku cha "Kinachohudumiwa" kilitosha herufi tatu tu, naye, mtu wa vitendo, akaandika PAA. Idadi: 5. Umri: miaka tisa. Hali: kuhema sana, kutokwa maji, kelele. Huduma inayoombwa: kuosha, kufunga mkanda mpya, kuongeza gesi.

Karani wa masjala hajawahi kupeleka faili mahali pasipostahili, na ushahidi wa jambo hilo ni yeye mwenyewe. Aliisoma fomu, akawaonea huruma hao wanaohema katika uzee wao, akaipeleka Idara ya Wanyamapori.

Idara ilijibu baada ya siku mbili, kasi ambayo jengo lile lilikuwa halijaizoea. Ilieleza kwamba msimu wa joto ni msimu wa kuzaana, hivyo paa wasiguswe hata kwa ukucha. Ilikataza katakata paa kufungwa mikanda. Kuhusu kuongeza gesi iliomba ufafanuzi, ikashauri kwa sasa wapunguziwe maharage. Mwisho iliahidi kuleta marobota kumi ya nyasi kavu. Mkurugenzi akasaini yote, kwa sababu kusaini ndicho kipaji alichojaliwa, na kusoma kungemchelewesha.

Fundi alipanda hadi ofisini kwa Mkurugenzi, ghorofa ya saba, kwenda kuweka mambo sawa.

"Mheshimiwa, ni paa hili, si paa huyu," alisema, akionyesha dari kwa kidole.

Mkurugenzi aliitazama dari, kisha akaitazama saini yake. "Unataka kuniambia nimesaini kitu ambacho hakipo?"

"Kipo, mheshimiwa. Ila hakili nyasi."

"Fundi, ofisi haikosei. Ofisi hufafanua."

Akafafanua palepale. Tangu saa ile fundi akawa Mchungaji wa Paa, Daraja la Pili, akapewa koti la kijani lenye mifuko minne. Daraja la Kwanza liliachwa wazi likimsubiri mtu mwenye sifa, ambaye kwa bahati alikuwa mpwa wa Mkurugenzi. Mlinzi wa mlango wa juu alipewa maelekezo ya maandishi: sauti yoyote itokayo huko ihesabiwe kuwa ni ya paa, na paa wakiwa na fujo mlango usifunguliwe mpaka watulie. Mlinzi alikuwa mtu mwaminifu. Aliyakariri maelekezo hadi koma zake.

Nyasi zikaja, zikamwagwa mbele ya viyoyozi kwa heshima zote. Feni, ambazo hazikujua taratibu za ofisi, zikazivuta. Kufikia Jumatano vyote vitano vilikuwa vimekabwa, vikanyamaza kimoja baada ya kingine, na fundi akiwa chini alisikia ukimya ule ukamuuma.

Ulimuuma zaidi kwa sababu ya aliyekuwa ndani ya ukumbi wa foleni. Madirisha ya jengo lile yalikuwa vioo vikubwa visivyofunguka, na nyuma ya vioo hivyo, kwenye benchi la nne, mama mkwe wake alikuwa akimaliza siku ya tisa akisubiri cheti cha uhai, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba bado yuko hai. Alikuwa na presha, na daktari alimkataza joto. Lakini mwenye kutoka kwenye foleni namba yake hufutwa, akaanza upya na wa leo.

"Mkwe wangu," alisema, akijipepea kwa ile namba, "binti yangu nilimwoza kwa fundi wa baridi. Majirani zangu wa benchi wananiuliza hiyo baridi iko wapi."

"Vumilia kidogo, mama."

"Nimevumilia, baba. Ila nikifia hapa, hicho cheti watamwandikia nani?"

Fundi aliona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu. Midomo ya mama ilikuwa imekauka. Mara tatu alikwenda kumsihi mlinzi ampishe apande na spana zake, na mara tatu mlinzi alimweleza kwa upole kwamba mchungaji hupanda akiongozana na kiongozi tu.

Kiongozi alipatikana Ijumaa. Mkurugenzi alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba paa wameongezeka kutoka watano hadi saba, maana ripoti isiyo na ongezeko haipokelewi. Ripoti ilimfikia Mkubwa, yule anayewateua wakurugenzi na kuwaondoa, naye akafurahi mno akasema anakuja kuwaona wale wawili wachanga. Alikuja kwa magari sita. Wakapanda watu watatu: Mkubwa mbele, Mkurugenzi nyuma yake akivuja jasho, na Mchungaji Daraja la Pili akiwa na gunia la malisho lililolia chwa-chwa kila hatua, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na spana.

"Wako wapi?" Mkubwa aliuliza.

"Wamejificha, mheshimiwa. Paa ni waoga."

Mkubwa aliinama nyuma ya kiyoyozi cha kwanza, akaanza kuita kwa mluzi mwororo. Upepo ukapita, mlango ukajibamiza, na mlango ule hufunguka kwa ndani tu. Mkurugenzi aliupiga ngumi, akaupiga teke, akautajia cheo chake. Upande wa pili mlinzi alifuatisha maelekezo kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Tulieni," aliwabembeleza. "Tulieni, wanyama wa watu."

Mkurugenzi alizidisha mateke, na mlinzi akaongeza komeo. Fundi akafungua gunia.

"Waheshimiwa, mkipiga kelele nyinyi ni paa," alisema. "Tunyamaze, tufanye kazi."

Jua halina itifaki, na kivuli pekee kilikuwa ubavuni mwa viyoyozi. Mkubwa alivua koti, akavua tai, halafu akavua ukubwa wenyewe. Alipiga magoti akachomoa nyasi kwenye mapezi ya kiyoyozi kwa vidole, na zilipomzidi mikononi akazishika kwa meno. Mkurugenzi alitambaa chini ya kiyoyozi cha tatu kushikilia mkanda mpya, akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Fundi aliosha vichujio bombani, akavirudisha, akawasha. Kimoja kikakohoa, kikapuliza. Vyote vitano vilipoanza kunguruma pamoja Mkubwa alicheka kama mtoto aliyerushwa juu na mjomba wake, na fundi naye akacheka, maana alijua ile baridi sasa inashuka hadi benchi la nne.

Wakati huohuo afisa wa Wanyamapori aliwasili kuhesabu. Alichungulia kwenye kioo kidogo cha mlango, akaona wawili, wakubwa, wanene, mmoja akiwa na nyasi mdomoni na mwingine akitambaa. Faili lilikuwa na watano. Jumla saba, na ripoti ya Mkurugenzi ikathibitishwa kuwa sahihi kabisa. Mlinzi, aliporidhika kwamba wametulia, akafungua.

"Mchungaji ateremke," afisa alisema. "Paa wanabaki."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

Afisa aliandika: hutoa sauti inayofanana na ya binadamu.

Fundi aliwaachia chupa yake ya maji, akawaonyesha kivuli kinakohamia mchana, akashuka. Ukumbini mama mkwe alikuwa amejifunika mtandio kwa baridi, cheti mkononi. Alisema sasa yuko hai kwa mujibu wa sheria, na kwamba binti yake hakukosea. Fundi alijikuta machozi yanamlengalenga, akasingizia vumbi.

Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na grisi, mama alimjazia fomu yeye. PAA. Idadi: 2. Hali: kuhema sana, kutokwa maji, kelele. Huduma inayoombwa: kuteremshwa. Karani wa masjala, ambaye safari hii alitaka kuwa mwangalifu, aliipeleka Idara ya Majengo. Majengo walijibu Jumanne kwamba paa la jengo haliteremshwi kabla watu wote hawajahama, ila ofisi ikisisitiza, ombi lirudishwe likiwa na saini ya Mkurugenzi.

"Basi si umpelekee kalamu," mama mkwe alisema.

Fundi aliichomeka kalamu katikati ya robota la nyasi la siku ile. Mlinzi alilikagua, akaitoa.

"Paa hawapewi vitu vyenye ncha kali."

"Nani kasema?"

Mlinzi alionyesha saini chini ya nakala yake ya tangazo.